Ndovu Aliyeenda Webuye

Leo katuni imenishinda kuangalia, na si mara ya kwanza kuiona.

Jameni, mnajua tulimzika Baba Neema juzi huko Bokoli. Tumerudi Kitale na mama yake, akae na sisi tena kidogo. Leo baada ya kanisa Neema akaomba ile katuni yao ya ndovu.

Katuni ni ya Kizungu, na Kukhu, huyo nyanya yake Neema, haelewi Kizungu. Baba Neema ndiye alikuwa anawatafsiria, mimi nikiwa jikoni na chapati zangu.

Leo nikakaa kwa kiti chake.

Tukafika pale ndovu mzee analala chini, haamki. Ndovu mdogo analia.

Kukhu akauliza, "Anasema nini?"

"Anasema baba yake amekufa."

Neema akanikazia macho. "Mama, si hivyo bana! Baba alisema ameenda Webuye kutafuta kazi. Atarudi na mkate."

Nikamwangalia Kukhu.

"Hata mimi aliniambia hivyo," akasema polepole.

Kumbe siku hizo zote alikuwa anawadanganya wote wawili, mamake na mtoto. Na walikuwa wanafurahi.

Neema akauliza, "Kwa hivyo Baba pia ako Webuye?"

Kukhu akapangusa macho na leso.

"Rudisha nyuma," akaniambia. "Sema vile alikuwa anasema."

Nikarudisha. Nikasema ameenda Webuye, atarudi na mkate.

Sasa Neema amekaa kwa mlango. Amekataa chai.

Ati anangoja mkate.

Niambieni, nimwitaje arudi ndani?