Mwalimu Fernande na Mtihani wa Kadi ya Teksi

Miaka thelathini na sita Fernande Bouliane alifundisha hesabu pale Chicoutimi, Kanada, na hakuna mtoto aliyewahi kumwona ameketi darasani. Ndivyo alivyo, mwanamke wa kusimama. Sasa ana miaka sabini na minne, baridi yabisi imemla nyonga zote mbili, na bado ukimkuta jikoni kwake amekaa atakwambia ndiyo kwanza anakaa, alikuwa anaokota kijiko. Uongo mtupu. Kijiko gani hicho cha tangu asubuhi?

Kilichomwezesha kuishi na kiburi hicho ni kadi ya teksi. Manispaa huwalipia sehemu kubwa ya nauli watu wasioweza kupanda basi, wenyewe hutoa kidogo tu. Kila Alhamisi dereva wake, Normand, alimpitia mlangoni akamvusha daraja hadi makao ya wazee anakokaa dada yake, Solange. Huko walicheza karata mpaka saa kumi, Solange akiiba waziwazi na Fernande akimkaripia, kisha wakala pai. Siku nyingine sita alikaa akiingoja Alhamisi.

Basi mwezi wa pili ikaja barua. Muda wa kadi unakwisha, afike ofisini apimwe upya uwezo wake wa kutembea. Haya, mwambie mwalimu kwamba anapimwa, uone atakavyofanya. Atajiandaa, atafanya nini kingine? Wiki mbili nzima Fernande alifanya mazoezi kwenye ngazi tatu za nje ya nyumba yake, theluji imejaa kila upande, ameshika chuma kwa mikono miwili, kisha mmoja, kisha vidole viwili. Siku yenyewe akameza vidonge viwili vya maumivu badala ya kimoja, akavaa koti lake jekundu, na kigari chake cha kuegemea akakiacha ndani ya teksi. Normand alipouliza kulikoni, akaambiwa aangalie barabara.

Ofisini alipokewa na binti mpole aitwaye Maude, kalamu mkononi. Je, anaweza kutembea mita mia nne? Anaweza. Kupanda ngazi bila kushikwa? Fernande akainuka, akapanda kijukwaa cha kupimia kilichokuwa pembeni, akashuka, akakipanda tena bila kuombwa. Kuna siku maumivu yanamzidi? Hakuna. Maude aliandika yote kwa mshangao, akamwomba apumzike nje kidogo amalizie fomu.

Fernande akatoka amenyoosha mgongo. Normand alikuwa amerudi kumchukua, amesimama kwenye korido na kigari chake.

"Nimepata yote," Fernande akamwambia. "Sijakosa hata swali moja."

Normand akamtazama. "Bibi Fernande, umewaambia unaweza kupanda ngazi?"

"Nimewaonyesha."

"Sasa kadi watakupa ya nini?"

Jamani, mwalimu wa hesabu mzima! Kasahihisha madaftari ya mji mzima, hesabu hii ndogo ikampita mbele ya pua. Alisimama pale ameduwaa, na vidonge navyo, kama vimesikia, vikaanza kuishiwa nguvu. Akamwona Solange Alhamisi ijayo anachanganya karata peke yake, macho mlangoni.

Normand akamwambia arudi ndani akaseme ukweli. Fernande akasema ni afadhali afe. Normand akajibu kwamba ya kufa nayo ina fomu, tena ndefu kuliko hii.

Akarudi. Kigari alikikataa, akaenda anapapasa ukuta, mbishi mpaka mwisho. Akajitupa kwenye kiti mbele ya Maude, akasema anataka kubadilisha majibu. Maude akamwambia aanze popote anapotaka.

"Siwezi," Fernande akasema.

Neno hilo hakuwa amelitamka mbele ya mtu tangu amzike mumewe, na lilimtoka kama jino. Kisha mengine yakafuata yenyewe. Soksi humchukua robo saa. Zile ngazi tatu alizikariri tu, na katika kuzikariri alianguka mara mbili kwenye theluji, akalala pale anatazama mawingu mpaka alipopata njia ya kujiinua. Aliona aibu, aibu kali ya kuvuliwa nguo hadharani, na machozi yakamshuka mbele ya binti aliyetosha kuwa mjukuu wake.

"Nani mwingine anajua haya, bibi?" Maude akauliza.

"Hakuna. Hata dada yangu. Nimemwambia naenda kwake na teksi kwa uvivu."

Maude akaiweka kando ile fomu, akachukua mpya, akaijaza upya tangu mstari wa kwanza. Alipomaliza akasema kadi itaendelea, barua itamfikia nyumbani, na Alhamisi asiache kwenda. Wakaagana.

Fernande akashika ukingo wa meza, akajisukuma, akarudi kitini. Akajaribu tena, akarudi tena. Maude, kwa adabu zake, akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Akafungua moja, akafunga, akafungua nyingine.

"Mwanangu," Fernande akasema, "acha hizo droo. Njoo uniinue."