Nilijaza Glasi Kupita Mstari, Mtani Wangu Akanificha

Mwenye kisa hiki ni msomaji wetu wa Korogwe. Ameomba tulifiche jina lake, nasi tumelificha pamoja na la mjomba wake. Msomeni kwa huruma.

Wasomaji wenzangu, walio wakubwa kwangu shikamooni. Mimi ni kijana wa miaka kumi na saba kwa hesabu ya mama. Kwetu ni upande wa Misima, Handeni, ila sasa nakaa Korogwe kwa mjomba, fundi cherehani. Nimesoma shule ya serikali, Kiswahili na Kijerumani. Nimesoma, lakini sikufaulu. Ni mtu wa haya, nikiulizwa mbele za watu mdomo haufunguki. Ila nisijitetee sana, hesabu sikuzijua kweli. Mwalimu alipoandika kwamba mimi ni wa mwisho, hakunionea.

Basi nikawekwa kwenye cherehani. Mjomba hushona mashuka ya hospitali, na mimi ndiye wa kuyapeleka. Siku moja nilikuta ameletwa mtu wa shamba la mkonge, mkono umeliwa na mashine. Watu walikuwa wachache, nikaitwa nimshikilie. Bwana Daktari, yule Mjerumani mkuu wa hospitali, alishona nyama ya mtu hivi hivi naona, wala sikugeuza uso. Tangu siku ile kanzu za watu nashona tu, moyo haupo.

Nilipeleka mashuka mara nyingi kabla sijapata ujasiri wa kusema kwamba nataka kujifunza kazi ile. Bwana Daktari akaniambia, "Nimemuuliza mwalimu wako. Anasema hesabu hujui." Nikayashusha mashuka. Akasema, "Kaa na msaidizi wangu wiki hii, nikuone."

Msaidizi wake ni mzee wa Kinyamwezi aliyekuja zamani na misafara, akabaki. Mnajua Wanyamwezi na sisi Wazigua ni watani. Asubuhi ya kwanza tu akaniuliza, "Mzigua, umekuja kuiba mashuka uliyoshona mwenyewe?" Nikasema shikamoo mzee, nikaangalia chini. Akasubiri nimjibu. "Huyu wamemkata ulimi," akawaambia wagonjwa, wakacheka.

Siku ya mwisho ya wiki ile aliletwa mama wa Makuyuni aliyeungua na uji wa moto, kifua chote. Mzee akafungua kabati, akatoa ile dawa ya maumivu inayofungiwa kwa ufunguo, akanipa na kiglasi chenye mistari. "Mpaka mstari wa pili." Akageuka kukunja vitambaa. Mimi nikahesabu mistari kuanzia juu, kama mtu anavyosoma ukurasa. Nikamimina. Niliona ni nyingi, nikajiambia huenda ndivyo ilivyo, maana kuuliza ningeonekana sijui. Yule mama alikuwa ameshanyoosha mkono.

Mzee alikitwaa kiglasi kabla mama hajakigusa. Hakunipigia kelele. Wakati huohuo Bwana Daktari akaingia na Mjerumani mwenzake, akauliza kuna nini. Mzee akamwaga dawa, akasema huku akicheka, "Bwana, msamehe huyu. Kwao Uzigua maji hakuna, akishika glasi lazima aijaze mpaka mdomoni." Wagonjwa wakaangua kicheko. Bwana Daktari naye akacheka, akaona ni utani wao tu. Kisha akamwambia mwenzake kwa Kijerumani, akidhani hapo hakuna anayesikia, "Huyu nitamchukua. Hesabu hana, lakini mikono yake haitetemeki."

Nilisikia kila neno. Nilikuwa nimeificha mikono nyuma, inatetemeka.

Mzee alipima upya, akampa mama, akaosha kiglasi, akafunga kabati. Nilimfuata mpaka nje nikamwita, "Mzee." Akasema, "Nini, Mzigua? Una kiu?" Akaenda zake. Mpaka leo sijui kama alinihurumia, au anangoja nijisemee mwenyewe.

Nikamweleza mjomba, nikamwambia nataka nikamwambie Bwana Daktari ukweli. Mjomba akaacha cherehani. "Umwambie nini?"

"Kwamba ule haukuwa utani, nilikosea kweli."

"Na mzee wa watu alimdanganya mkubwa wake, siyo? Unataka afukuzwe?" Akaniangalia kama mgeni. "Neno la mtani halipelekwi kwa mkubwa likawa kesi. Ukifanya hivyo, msiba ukitufika, mtani gani atakuja kutuchimbia kaburi? Mtani akikutania, unamjibu. Mwambie Wanyamwezi wamebeba mizigo ya watu mpaka mabega yamewashuka. Basi, yanaisha."

Kwake yanaisha. Kwangu hayaishi, ndugu zangu. Nikishika mkasi wa kukatia kitambaa naona kiglasi. Naogopa kwamba mwalimu alisema kweli. Darasani nilipokosea hesabu nilichapwa, mambo yakaisha. Pale nitakosea na mtu hataamka, na siku hiyo huenda mzee hatakuwa karibu. Lakini nikifikiri nisiende kabisa, naona hilo nalo siliwezi, maana hakuna kitu kingine ninachokitaka hapa duniani.

Yule mama wa Makuyuni alipona. Siku anaondoka nilikuwa nimeleta mashuka, akanikuta mlangoni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita mganga wake. Mzee alikuwa amesimama pembeni anatuangalia. Kwa mara ya kwanza hakutania.

Masika yakikatika nitaitwa kuanza kazi. Nishaurini, tuliopo mbele yenu ni mimi na hofu yangu tu. Nimwambie Bwana Daktari, nimharibie mzee aliyeniokoa? Ninyamaze, niingie, niombe Mungu anilinde mkono? Au nibaki kwenye cherehani, ambako nikikosea kipimo kinachoharibika ni kitambaa?