Maandishi Ubavuni mwa Gari

Kwa miaka sita nilikana kwamba gari letu ndilo lililomfichua Rehema. Nilikana kwenye ripoti, nikakana kwenye semina, kwa ufasaha wote niliosomeshwa chuo kikuu. Usiku ule pia nililala nikiwa bado nakana.

Nikajikuta kijijini kwao, kwenye mashine ya kusaga. Gari la mradi wetu wa kutetea wanawake limeegeshwa, na Rehema amekaa kiti cha mbele, jicho moja limevimba kama siku niliyokwenda kumsikiliza. Kituo cha polisi kilikuwa mbali, nyumba ya kumficha hatukuwa nayo. Tulikuwa na gari. Wiki ileile mumewe alimuua.

Sasa gari limo jikoni kwa mama yake, wala hakuna anayeshangaa. Mama anasonga ugali. Zaina, mdogo wake Rehema, amesimama nje ya mlango, haingii. Zaina ndiye aliyeniletea habari kwamba dada yake anapigwa. Baada ya mazishi ukoo ulisema ndiye aliyeropoka hadi mume akajua kwamba Rehema ameshtaki kwetu, na mama akamfukuza. Nilikuwepo. Nilinyamaza, nikala pilau.

Rehema anashuka, anapapasa mlango wa gari.

"Dada, haya maandishi yanasemaje? Mimi sikusoma."

"Yanasema, Komesha Ukatili wa Majumbani."

"Makubwa hivi?"

"Ili yaonekane kwa mbali."

"Ulikaa kwangu saa mbili, gari liko mlangoni." Hana hasira, na hilo ndilo linaloniumiza. "Mume wangu alifika darasa la saba."

Herufi zile nilizichagua mwenyewe. Nilibishana na mchoraji kwamba ni ndogo mno.

"Mwambie mama," anasema. "Zaina amekaa nje siku nyingi."

Nikaamka kumekucha, mto umelowa. Kabla sijanawa uso nikapiga simu.

"Shikamoo mama. Ni mimi, yule wa mradi."

"Marahaba, mwanangu. Kwema?"

"Mama, Zaina hakumwambia mtu. Ni gari letu. Nililiegesha mlangoni kwa Rehema, na mumewe akasoma yaliyoandikwa."

Nikasikia kuku wakilia uani kwake.

"Ulikuwa unajua tangu lini?"

"Tangu siku ya mazishi."

Hakuniita mwanangu tena.

"Nasikia Zaina ana watoto wawili sasa," akasema. "Sijawahi kuwaona. Kata simu, nimtafute."