Ibiskusi ya Ng'ambo ya Avenyu

Marehemu mume wangu alipanda ibiskusi moja tu, karibu na bomba la maji. Si ile ya kuzungushia ua, inayobaki kijani mwaka mzima. Hii yake, baridi ya mwezi wa sita ikifika, ilikauka mpaka chini, ukadhani imekufa. Yeye alikata mashina, akafunika mahali pale kwa majani makavu, akangoja mvua. Ilitoka tena kila mwaka, na maua mekundu mapana kama sahani.

Siku ya kugawa vitu vyake, dada yake alikuja na jembe. Anakaa ng'ambo ya avenyu yetu, hapa Naviundu. Redio na nguo hakuzitaka.

"Mulamu, miye nitakamata nusu ya hii mizizi ya kaka," aliniambia. Ndivyo tunavyoitana, mke na dada wa mume: mulamu. Nilikubali mbele ya watu. Moyoni nilikataa. Alichimba nusu, akaenda kuipanda kwake.

Miezi ya kilio wageni hawakukatika. Kwetu, uwanja wa mjane ukionekana na jani moja, watasema amejiachilia. Nilifagia kila asubuhi mpaka udongo ukabaki mtupu. Majivu ya mbabula, jiko letu la makaa, niliyamwaga pale kando ya bomba, mengine yakiwa bado na moto, kwa sababu ilikuwa bado baridi na hapakuwa na kitu cha kuonekana. Nusu ya mizizi iliyobaki kwangu niliiunguza mimi mwenyewe.

Mvua zilipokolea, ibiskusi ya mulamu ilichipuka. Kwangu palibaki doa jeusi. Kabla ya Noeli, yake ilichanua, na wapita njia walisimama.

"Kaka yako iko hapa," walimwambia.

Hakuna aliyegeuka upande wangu. Ua lile huishi siku moja tu. Jioni lilipojikunja nilifurahi, nakiri. Asubuhi jingine lilikuwa limefunguka.

Kisha mulamu akapata safari ya Kasumbalesa, kufuata mizigo yake mpakani.

"Siku ine tu, mulamu. Mvua imesimama, na hii kitu inakunywa kama muntu wa harusi. Ndoo moja kila asubuhi."

"Enda," nilimjibu.

Sikumwaga hata kikombe. Siku ya tatu majani yalining'inia kama nguo zilizolowa, nami nilikaa mlangoni nikiyatazama. Siku ya nne nilivuka na ndoo. Haikuwa huruma. Niliona tu kwamba ikifa hii, hakuna nyingine ya mume wangu duniani.

Majani yalisimama. Lakini vitumba vya maua vilianguka vyote, na mulamu aliporudi alivikuta chini.

"Ulisahau?" aliuliza.

"Hapana. Nilifanya makusudi. Niliona wivu."

Alitua mfuko wake. Aliokota kitumba kimoja, akakipasua kwa ukucha, akatazama wekundu uliokuwa ndani.

"Weye ulikaa naye miaka yote ile," alisema. "Ulimupikia, ulimuzika. Miye niko na hii tu. Unafikiri siku ile nilikuja na jembe juu ya nini?"

Nilichukua ndoo yake, iliyokuwa tupu, nikavuka kwenda kuijaza kwenye bomba langu.