Aliyemfundisha Sista Inesi

Siku ya kwanza niliyoripoti kazini katika boma la Handeni nilivaa koti la kuazima ambalo mikono yake ilinifunika hadi vidoleni. Karani Mkuu, mzee wa pwani aliyekuwa mkubwa wangu wa kwanza, alinitazama kutoka juu hadi chini, akaniambia niikunje, kwa kuwa mwalimu asiyeonekana vidole haaminiki. Kazi niliyopewa vijana wa leo hawaijui, maana iliondoka na wenyewe. Nilikuwa mwalimu wa lugha. Wanafunzi wangu hawakuwa watoto, bali mabwana na mabibi wa Kizungu walioshuka melini juzi, ambao serikali iliwataka wapite mtihani wa Kiswahili, la sivyo wasithibitishwe kazini.

"Kijana," Karani Mkuu aliniambia, "utakuwa unamkosoa mtu anayeweza kukufukuza. Kwa hiyo usiseme 'umekosea'. Sema 'labda'. 'Labda, bwana, tungesema hivi.' Ukiisahau hiyo labda, utarudi kulima mahindi kwenu Chanika."

Sikuisahau. Bwana DC wa Handeni, aliyependa kujifunza akitembea, nilimkosoa kwa labda kutoka boma hadi malisho ya ng'ombe na kurudi. Bwana Msaidizi wake alichukia vitenzi, nikamlisha kimoja kimoja kama mgonjwa anayelishwa uji. Wote walipita. Nikaanza kujisikia. Baada ya miaka michache nilihamishiwa Korogwe, na hapo ndipo nilipokutana na mwanafunzi aliyenishusha mabega.

Jina lake Sista Inesi. Alikuwa mtawa na mkunga, mzaliwa wa Hispania, na misheni yake ilimpeleka kwenye zahanati ndogo ya Mnyuzi, jirani na shamba la mkonge. Kabla yake, mwanamke wa Mnyuzi akishikwa na uchungu mbaya alibebwa kwa machela hadi Korogwe, na wengine hawakufika. Kwa mwaka mmoja tu aliokuwepo, hali ilikuwa imebadilika, na wanawake walikuwa wakitoka hata Kerenge kumfuata. Lakini zahanati iliendeshwa kwa ruzuku ya serikali, na sheria ya ruzuku ilikuwa kwamba mganga ajue Kiswahili cha kupita mtihani. Sista Inesi alikuwa ameanguka mara moja. Akianguka mara ya pili, anarudishwa kwao na zahanati inafungwa.

Bwana DC wa Korogwe, mtu mrefu asiyecheka, aliniita ofisini. "Mwalimu," alisema, "una miezi minne. Huyu mama anahitajika. Akianguka tena, nitajua aliyemfundisha ni nani."

Nilikwenda Mnyuzi kwa treni mara mbili kwa wiki. Somo letu la kwanza liliishia kwenye vitenzi ambavyo mtu anajitendea mwenyewe: kujifunika, kujisugua, kujikuna. Sisi tunabandika kipande kimoja tu ndani ya kitenzi, *ji*, na kipande hicho kinamtosha kila mtu: najisugua, unajisugua, wanajisugua. Sista hakuamini kwamba jambo linaweza kuwa rahisi hivyo. Alisema "ninanisugua", akasema "unakusugua", akasema "anamsugua", na hilo la mwisho likaniacha najiuliza nani anamsugua nani. Nilisema labda mara nyingi mpaka neno likanichosha.

Ikanibidi nijue ugonjwa unatoka wapi. Nikamwomba anifundishe mimi Kihispania. Aliandika kwenye daftari langu kwa mwandiko wa duara: *me lavo, te lavas, se lava, nos lavamos*. Najiosha, unajiosha, anajiosha, tunajiosha. Nikaona mara moja. Kwao hicho kipande kinabadilika kila anapobadilika mtu, tena kinakaa nje ya kitenzi kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Nikakaa na daftari lile kwenye treni, nikinyambua vitenzi vya Kihispania kwa sauti ndogo, abiria wakidhani nasali.

Niligundua na mengine. Kwao mtu hujiamsha, hujikalisha, hujiondoa, hata jina lake hujiita. Ndiyo maana Sista aliniaga kila siku kwa kusema "Mwalimu, mimi ninajienda." Na kitu kikivunjika, kwao hujivunja chenyewe. Siku moja alidondosha kikombe cha zahanati, akaniambia kwa uso mkavu, "Kikombe kimejivunja." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia lugha yao ina huruma sana kwa wavunja vyombo.

Basi tulikwenda vizuri. Mwezi wa tatu alikuwa hakosei kitenzi kwenye karatasi. Sehemu ya kwanza ya mtihani, ya kuandika, sikuiogopa tena. Iliyonitia hofu ni sehemu ya pili, ya mazungumzo. Mtahiniwa aliketishwa mbele ya mzee mmoja wa wilaya, wakazungumza jambo lolote, na Bwana DC akakaa pembeni akiandika. Hapo ndipo alipoangukia mara ya kwanza. Mzee alimuuliza habari za kwao, Sista akamjibu kwa kumsomea sentensi kumi zilizopangwa, kisha akanyamaza.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Pale zahanati alikuwapo mama mmoja, Mama Kalunde, Mnyamwezi, mjane wa mkata mkonge. Kabla Sista hajaja, yeye ndiye aliyezalisha wanawake katika kambi ya manamba, yaani wale vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mbali kukata mkonge. Sista alimpenda kama mama yake, na akimaliza kazi alikwenda kukaa naye kambini. Mimi ni Mzigua, na Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akakuchukulia kuku wako, akakudhihaki msibani, nawe huruhusiwi kukasirika. Kila nilipofika, Mama Kalunde alinipokea kwa ulimi wake.

"Huyo anakuja, anajidai," alikuwa akisema kwa sauti ya kusikika hadi stesheni. "Mzigua anajifanya mwalimu! Jana tu alikuwa mtumwa wangu, leo anajiita bwana kalamu. Unajisikia, eh? Jikune vizuri, unajipaka wino masikioni."

Nami nilimjibu, maana ndiyo ada. Lakini moyoni nilikerwa, kwa sababu Sista alikuwa akisikiliza na kuchekelea. Kiswahili cha kambi! Nilimwona mwanafunzi wangu wa mtihani akiharibiwa mbele ya macho yangu. Nikamwita pembeni. "Sista," nilimwambia, "labda usikae sana na Mama Kalunde mpaka mtihani upite. Kiswahili chake si cha mtihani." Sista aliinamisha kichwa, akasema, "Ndiyo, mwalimu." Niliamini amekubali. Kumbe wale watawa wana njia yao ya kusema ndiyo.

Siku ya mtihani tulifika Korogwe asubuhi. Sehemu ya kuandika ilikwisha salama. Kisha nikasikia habari iliyonikata maini. Mzee wa mazungumzo alikuwa Zumbe Mhina, mkuu wa Kizigua aliyekuwa amestaafu, na wiki iliyotangulia alikuwa amemzika mdogo wake. Bwana DC alitaka kumpumzisha, lakini mzee alisema neno lake ni neno, akaja. Alikaa kitini na bakora yake katikati ya magoti, macho hayamtazami mtu.

Aliyetangulia kuingia alikuwa mtahiniwa mwingine, Bwana Shamba. Mimi nilikuwa nimesimama barazani kando ya dirisha, nasikia yote. Alisema, "Shikamoo, Zumbe. Pole na msiba." Zumbe akajibu, "Marahaba. Asante." Bwana Shamba akauliza habari za mvua. "Hazijambo." Habari za mahindi. "Hazijambo." Mazungumzo yakafa hapo, na bwana wa watu akatoka amelowa jasho. Huwezi kumlaumu, wala huwezi kumlaumu mzee. Nani ana hamu ya kuzungumza habari za mahindi na kaburi la ndugu yake halijakauka?

Sista aliponipita mlangoni nilimnong'oneza, "Sema pole, kisha labda umuulize wajukuu." Niliwafikiria wale wanawake wa machela.

"Shikamoo, Zumbe. Pole na msiba."

"Marahaba. Asante."

Nilisikia kalamu ya Bwana DC ikigonga meza. Kisha nikasikia sauti ya Sista, lakini imebadilika, imepanda, ina vumbi la kambini ndani yake.

"Zumbe, mimi ni binti wa Kinyamwezi. Mama yangu ni Mama Kalunde wa Mnyuzi. Mmezika bila kuniita?"

"Nani?" mzee aliuliza.

"Mmejizikia wenyewe, kimya kimya, kama watu wasio na wenyewe. Nani aliwachimbia kaburi? Nani aliwapikia? Ninyi Wazigua hata kujililia hamjui mpaka sisi tuje tuwalize. Lete hiyo bakora. Ni haki yangu ya msiba."

Nilichungulia. Wallahi alikuwa amempokonya Zumbe bakora yake na ameishika kifuani! Bwana DC alikuwa amesimama, uso mwekundu, mkono juu kama anayezuia gari. Mimi nilifumba macho. Nilijiona niko Chanika na jembe.

Nilipofumbua, mabega ya Zumbe yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kilichoanza chini kabisa na kupanda polepole, kama mtu aliyesahau jinsi ya kucheka.

"Mnyamwezi gani mweupe hivi?" alisema. "Ulijisugua na nini, wewe mbeba mizigo?"

"Nilijisugua na majivu ya jiko la Mzigua. Si hamna sabuni?"

"Msikie anavyojisifu! Mtumwa wangu huyu! Nilimnunua babu yake kwa boga!"

"Ulidanganywa, Zumbe. Babu alijiuza mwenyewe akala na boga lenyewe."

Basi wakaendelea. Wakatukanana, wakadaiana kuku, na katikati ya kicheko Zumbe akaanza kumweleza juu ya mdogo wake: jinsi walivyochunga pamoja, jinsi alivyokuwa mbishi, jinsi alivyougua. Machozi yalimtoka sasa kwelikweli, na Sista hakusema pole tena. Alimuuliza, akasikiliza, akamuuliza tena, na vitenzi vyake vikaja vyenyewe bila kuitwa. Muda wa mtihani ulipita zaidi ya maradufu na Bwana DC hakuthubutu kuwakata.

Mwisho Zumbe alimgeukia Bwana DC. "Bwana, huyu hakuja mtihani," alisema. "Amekuja matanga. Tangu tumezika, watani wangu walikuwa hawajafika, njia yao ni ndefu. Huyu ndiye wa kwanza." Akaahidi kupeleka jogoo Mnyuzi kukomboa bakora yake, na Sista akaondoka nayo kweli.

Bwana DC alitoka barazani akanikuta nimeegemea nguzo. "Amepita," alisema, "na sijawahi kusikia mtihani kama huu." Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeishika miezi minne. Nilitaka kupiga magoti pale pale. Zahanati haifungwi! Kisha akaniuliza, "Mambo haya ya utani, mwalimu, ni wewe uliyemfundisha?"

Nikasema, "Ndiyo, bwana."

Neno lilitoka kabla sijalipima. Akaandika barua ya kunisifu. Kwa barua ile nikapandishwa kuwa mwalimu mkuu wa lugha wa Handeni na Korogwe, nikapewa ofisi yenye feni, na mabwana wengine wakaletwa kwangu kujifunza "njia ya mwalimu". Niliwapeleka wote kambini kwa Mama Kalunde wakatukanwe. Hilo angalau nilifanya. Lakini kila aliponiuliza mkubwa njia hii nimeitoa wapi, nilikohoa. Sista naye hakunisema kamwe kwa wakubwa. Alibaki Mnyuzi, akazalisha watoto ambao sasa ni mababa.

Nilistaafu bendera ya Mwingereza ikiwa bado juu. Boma lilinifanyia sherehe, Bwana DC mpya akanivisha saa ya mkono yenye jina langu nyuma, akasoma tena ile barua ya zamani mbele ya watu. Kila mtu alipiga makofi, na mimi nilitamani ardhi ipasuke. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wiki iliyofuata nikapanda treni kwenda Mnyuzi.

Mama Kalunde alikuwa amezeeka, amekaa mlangoni anachambua maharage. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamweleza yote: kwamba nilimkataza Sista asikae naye, kwamba nilimwambia Bwana DC ni mimi niliyemfundisha utani, kwamba sifa zote nilizokula miaka hiyo zilikuwa zake.

Hakuinua kichwa. "Sista aliniambia siku ileile," alisema. "Nilikuwa nangoja Mzigua ajitaje mwenyewe. Nikasema nisife kwanza." Akaweka ungo chini. "Lete mkono."

Nikampa. Alifungua ile saa taratibu, akaivaa yeye, akaigeuza akitazama jinsi inavyong'aa. Ni mtani wangu, sikuwa na ruhusa ya kukasirika, na kwa kweli sikuwa nayo hasira hata chembe. Moyo wangu ulikuwa mwepesi kuliko siku ile barazani.

Vijana huniuliza kazi ile ilinifunza nini. Ilinifunza kwamba kunyambua kitenzi ni rahisi, hata cha Kihispania. Kusema neno lenyewe pale linapotakiwa, hilo lilinichukua mpaka uzeeni.

Nilimuaga nikaenda stesheni nikitembea polepole, najihisi kijana. Nilikuta treni imeshaondoka. Nikarudi, na Mama Kalunde aliponiona akainua mkono, akaitazama saa kwa madaha.

"Unaona sasa," alisema, "Mzigua bila mimi hajui hata saa ngapi. Kaa, maharage yameiva."