Jina Lililorukwa Zamu

Nilipokuwa mtoto, bibi yangu mzaa baba ndiye aliyeniambia kwa mara ya kwanza kwamba jina lina mwenyewe. Tulikuwa jikoni, yeye akimenya ndizi za mtori, supu ya mzazi, kwa ajili ya mama yangu, ambaye alikuwa amejifungua mdogo wangu siku chache kabla. Mimi na bibi tulikuwa na jina moja, Aikaruwa, yaani asante Mungu. Kwa hiyo aliniita wajina, na aliniambia mambo ambayo watu wazima wengine wangeninyamazia.

Kwetu, mlimani juu ya Moshi, majina huenda kwa zamu. Binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, wa pili huchukua la mama wa mama. Mdogo wangu alikuwa wa pili. Alipaswa kuitwa Ndekirwa, jina la bibi yangu wa Kahe aliyekuwa ameshafariki. Badala yake bibi alimwita Elinami, jina la dada yake mwenyewe, na mama akalipokea.

"Mbona umeruka zamu?" nilimuuliza.

"Yule wa Kahe alikuwa kigego, wajina. Aliota meno ya juu kwanza."

Akanieleza bila kuniangalia. Zamani mtoto aliyeanza kuota jino la juu aliogopwa. Ilisemekana angeumaliza ukoo, na wengine hawakuachwa waishi. Mama wa mtoto yule alimfunga mgongoni akashuka naye hadi Kahe, kwenye tambarare, ambako hakuna aliyejua jino gani lilitangulia. Huko ndiko alikompa jina hilo. Ndekirwa maana yake nimeponywa.

"Ni jina zuri," nilisema.

"Zuri. Lakini jina halitembei peke yake. Ukimwita, anakuja na meno yake."

Nililala na maneno hayo siku nyingi. Mtoto akakua, akaanza kula uji. Asubuhi moja mama alikuwa akimlisha, kijiko kikagonga kitu kigumu. Mama alitabasamu, akapitisha kidole kwenye ufizi wa chini. Palikuwa laini. Akapitisha juu, na tabasamu likamtoka usoni.

"Usimwambie mtu, Aika," alisema.

Tangu hapo alimfunika mtoto kwa kanga hata kwenye jua. Bibi akiuliza kama meno yameota, mama alijibu, "Bado, Mama." Mimi niliinamisha kichwa. Nilikuwa mwoga wa kusema tangu kuzaliwa, na kwa mara ya kwanza niliona uoga huo una kazi.

Lakini kicheko cha mtoto hakifichiki. Jirani yetu, Mama Felista, alikuja kuomba moto, akamtekenya kidevu, na kinywa kikafunguka.

"Mae! Limeanzia juu!" alisema. Kisha akaondoka haraka, bila moto.

Bibi alikuwa mlangoni. Alimtazama mtoto, akamtazama mama, akashika panga na kuingia migombani. Mama akaingia chumbani na kuanza kufunga nguo zake na za mtoto ndani ya kanga. Baba alikuwa fundi mjini na alikuwa akipanda nyumbani Jumamosi tu, hivyo hapakuwa na wa kumzuia.

"Unakwenda wapi?" nilimuuliza.

"Kahe. Kama ilivyokuwa kwa mama."

"Na mimi?"

Alikaza fundo la kanga. Mimi nilikuwa na jina la nyumba ile. Nilielewa kwamba mimi ningebaki.

Nilidhani bibi amekwenda kuwaita wazee wa ukoo. Alirudi peke yake, mkononi ana jani la isale alilolikata mpakani mwa shamba. Kila mtu kwetu analijua jani hilo. Hupelekwa na anayeomba msamaha, na anayepelekewa hana ruhusa ya kulikataa. Bibi alilikunja fundo, akalishika kwa mikono miwili mbele ya mkwewe.

"Pokea, Mama Aika. Niliruka zamu ya mama yako kwa hofu. Nilidhani nikilifungia jina mlango, jino nalo litabaki nje. Sasa mwenye jina amekuja mwenyewe."

Mama alitazama jani, hakulichukua. "Na watu, Mama?"

"Watu watasema. Wakichoka watakwenda kupika."

"Na baba yake?"

"Huyo nimemzaa mimi."

Mama alicheka huku analia, akapokea. Bibi akamchukua mtoto, akamwita jina lake sikioni. Kisha akafungua kanga ile mwenyewe, akazirudisha nguo kambani moja moja.

Leo nina watoto wangu. Muuguzi wa kliniki aliniambia meno huota popote yanapotaka, na ninamwamini. Mdogo wangu ni mzima, na ukoo wetu haujaisha. Lakini sipendi kusema kwamba bibi aliacha ujinga siku ile, kwa sababu hakuacha kuamini chochote. Aliamini vilevile kwamba jina huja na mwenyewe. Kwanza imani hiyo ilimfanya amfukuze mgeni kabla hajafika. Alipomwona amefika, ni mdogo na ana njaa, ikamfanya ampokee. Sijui wangapi zamani walikosa mtu wa kukata jani. Ninapolisikia jina hilo huwafikiria hao, si mdogo wangu.

Asubuhi iliyofuata siku ile ya jani, mama alinituma bombani. Nilimwomba nimbebe mtoto. Nilimweka ubavuni, bila kanga ya kumfunika, nikashuka. Wanawake walikuwa wengi, Mama Felista akiwa katikati, na wote wakageuka nilipotokea. Nilitaka kurudi. Niliwaamkia, shikamooni, nikaweka ndoo yangu nyuma ya nyingine.

"Elinami hajambo?" mmoja aliuliza, macho yake kinywani mwa mtoto.

Nilijibu kwa sauti ya kufika hadi mwanzo wa foleni.

"Anaitwa Ndekirwa."