Mguu Ambao Bibi Hakuuchua

Usiku ule nililala kwenye mkeka nje ya wodi, na Salumu, mume wangu, akiugulia ndani. Mwiba ulimchoma pajani shambani. Ngozi ilikuwa nyekundu kidogo tu, lakini maumivu yalimtoa machozi, naye si mtu wa kulia. Sindano alikubali. Daktari alipotaka apigwe picha, akagoma.

"Mfupa wangu mzima. Picha ya nini? Asubuhi nirudisheni nyumbani nikachuliwe."

Sikumpinga. Kwetu tulijua picha ni ya mfupa.

Usingizi ukanichukua. Nikajikuta jikoni kwa marehemu Bibi Mwanaidi, mama yake mama yangu. Alikuwa mchuaji, na hakuna mguu ulioletwa kwake akaukataa. Ameketi kigodani, anapasha viganja kwenye makaa, kama alivyofanya siku zote kabla ya kumgusa mtu. Salumu amelala mbele yake.

"Mume wangu, umekonda!" anamtania. "Huyu mke mwenzangu hakupikii?"

Nataka kumwambia nimemkumbuka. Mdomo haufunguki.

Anachovya vidole kwenye mafuta ya nazi, anavipeleka pajani. Vinasimama hewani. Jiko limekuwa chumba cheupe, wala sishangai. Bibi anainua kibatari nyuma ya paja, na mwanga unapenya nyama kama karatasi. Mfupa umenyooka, mzima. Lakini kando yake, ndani ya nyama, vipovu vidogo vinapanda kama togwa inayochachuka.

Bibi anafuta mafuta kwenye kanga yake.

"Huu siuchui," ananiambia. "Mikono yangu haifiki. Waache watazame."

Niliamka kabla sijamuaga. Nikaingia wodini.

"Nimemwota Bibi. Amekataa kukuchua."

Salumu akanikodolea macho. "Bibi? Amekataa?"

"Amefuta mikono."

Akalitazama paja lake. Kisha akasema, "Mwite daktari."

Alipotolewa kwenye mashine, daktari alinionyesha picha: mfupa mzima, na pembeni vitone vyeusi.

"Hii ni hewa, ndani ya nyama, mahali isipotakiwa," alisema. "Ugonjwa unakula chini kwa chini, ngozi inaficha. Tunampasua sasa hivi. Mmewahi, mama."

Wakamsukuma na kitanda chake hadi chumba cha upasuaji. Nilikaa karibu na mlango nikisugua viganja vyangu vipate moto, ili akitoka nimshike.